Ukuta wa kioo kwenye karakana ya chuo, upande wa magharibi: naomba hoja kabla ya kikao cha Alhamisi

MwalimuTochi (Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa uchomeleaji kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Tanga. Mwaka wa kumi na nne huu nafundisha karakana ileile. Nitaandika kirefu, mnivumilie, kwa sababu nikikatisha nitaonekana mtu wa kukataa maendeleo, na sivyo nilivyo.

Karakana yetu ni banda refu la zege na tofali, la miaka ya sabini. Limelala mashariki na magharibi, kwa hiyo mbavu zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Upenu umetoka mita moja na nusu, nimeupima mwenyewe. Chini ya mtambaapanya kuna safu ya tofali za matundu, mwanzo wa banda mpaka mwisho, pande zote mbili. Hewa inaingilia huku inatokea kule. Ncha ya magharibi haina hata tundu. Ni ukuta mtupu, mnene, sisi tunauita mgongo. Saa kumi jioni ukiugusa mgongo kwa nje utauondoa mkono haraka. Zunguka ndani uguse palepale: uvuguvugu tu. Aliyelichora banda lile hakuacha jina lake ukutani, lakini jua la pwani alilijua.

Mwezi uliopita tuliletewa mchoro wa ukarabati. Mgongo unabomolewa. Panawekwa kioo kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi, frem za aluminiamu, vioo visivyofunguka. Tofali za matundu zinazibwa kwa plasta ili vumbi lisiingie. Pembeni ya mchoro imebandikwa picha ya jengo la Bauhaus, shule ya zamani ya usanifu na ufundi, lililoko mji wa Dessau, Ujerumani, ule ubavu wake wa kioo ambao kila mtu anaujua, na mwasilishaji akatuambia vyuo vya ufundi vya kisasa vinajengwa hivi tangu 1926, sisi ndio tuliochelewa.

Dessau mimi nimefika. Nilikuwa Ujerumani miezi mitatu kwa mafunzo ya walimu, na Jumamosi moja ya Julai nikapanda treni kutoka Berlin peke yangu. Nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja, Marianne Brandt. Aliingia karakana ya chuma ya Bauhaus mwaka 1924, shule ikiwa bado mji wa Weimar, na kufikia 1928 karakana ile alikuwa anaisimamia yeye. Mimi nilipoanza kushika tochi ya kuchomelea, wasichana darasani tulikuwa wawili, na mwenzangu aliacha kabla ya mtihani. Nilitaka nione mahali alipofanyia kazi.

Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Jengo lile halina uso wa mbele, lazima ulizunguke. Upande wa magharibi ndiyo karakana yenye ukuta wa kioo. Mashariki kuna jengo la ghorofa tano la wanafunzi, vyumba 28, vingi vina kibaraza kidogo cha zege kinachochomoza nje kama droo iliyovutwa. Katikati ni ukumbi, jukwaa na kantini. Halafu, ng'ambo ya barabara upande wa kaskazini, kuna jengo jingine la ghorofa tatu, jeupe, lenye madirisha ya mlalo. Linaunganishwa na karakana kwa daraja la ghorofa mbili ambalo barabara inapita chini yake. Hili la kaskazini ndilo lililojengwa kuwa chuo cha ufundi cha mji. Nasema tena ili ieleweke: kwenye jengo la Bauhaus, chuo cha ufundi cha manispaa kilikuwa ni upande ule ambao hawaupigi picha.

Niliingia kwanza kwenye karakana ya kioo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Uzuri wake siwezi kuukataa. Nguzo zimerudi nyuma, kioo kinaning'inia mbele yake bila kubeba kitu, unaona miti na anga kana kwamba ukuta haupo. Ila jua lilikuwa limeshageukia upande ule, na blauzi ilinishika mgongoni kama niko Tanga mwezi wa pili. Nikasogea mpaka kwenye kioo nikakuta kitu kilichonishika zaidi ya kioo chenyewe: gurudumu dogo la chuma la kushika kwa mkono, mnyororo, na fimbo ndefu inayokwenda sambamba na madirisha. Ukizungusha gurudumu, safu nzima ya madirisha inafunguka kwa pamoja. Niliinama pale robo saa nachora kwenye daftari. Kila kiungo kinaonekana, hakuna kilichofichwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kukieleza kwa kukitazama tu. Kwa hiyo ukuta ule wa 1926 unafunguka. Wetu wa sasa haufunguki.

Nikavuka kwenda ule upande wa chuo cha ufundi. Humo madirisha yanakwenda mkanda mmoja mrefu, lakini chini ya kila mkanda kuna ukuta. Meza inakaa ukutani, mwanga unakuja juu ya meza, na jua halikupigi miguuni. Nilikaa kwenye ngazi kupumzika, na nikatamani pale ndipo ningefundisha.

Sasa, mwaka juzi tulikuwa tunachomelea mabomba yaliyopakwa zinki siku ya mvua. Upepo wa mvua uliingiza maji, tukaziba tofali za matundu kwa turubai upande mmoja. Jioni ile kijana wangu mmoja alitetemeka kwa homa, kifua kinambana, ladha ya chuma mdomoni. Mafundi wa zamani wanaijua homa hiyo. Ni moshi wa zinki. Upande mmoja tu uliozibwa, tena kwa siku moja.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, nizungumzeje na watu wanaoamini kioo ndio usasa, bila kuwavunjia heshima? Pili, na hili ni la kweli kabisa: ncha ya magharibi kuna giza. Wanafunzi wanaochora vipimo kwenye bamba huko mwisho wanawasha taa saa nne asubuhi. Nitapataje mwanga pale bila kuleta joto?

Naomba kuwasilisha.

---

Ramani_Upanga

Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni usanifu majengo, nipo Dar. Nilipoona picha gani imebandikwa kwenye huo mchoro nilisimama kwanza nikanywa maji.

Nianze na jua, maana hoja yako yote iko humo. Dessau ipo karibu nyuzi 52 kaskazini ya ikweta, Tanga nyuzi 5 kusini. Juni, jua la Dessau likiwa juu kuliko siku zote za mwaka, saa sita mchana linafika nyuzi kama 61 na nusu kutoka upeo wa macho. Tanga mwezi huohuo wa Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini mpaka mwisho wake, saa sita mchana nako ni nyuzi kama 61 na nusu. Yaani jua la mchana lililo chini kuliko yote kwenu ndilo lililo juu kuliko yote kwao. Na Desemba kwao linafika nyuzi 15 hivi halafu linaanza kushuka. Mtu anayeishi na jua la namna hiyo, akiona kioo, anaona neema. Walter Gropius alipochora jengo lile alikuwa anatafuta mwanga kwa ajili ya mafundi seremala, wafumaji na wahunzi. Hata hivyo kiangazi kiliwachoma humo ndani, na majira ya baridi kioo kile cha tabaka moja kiliwagandisha. Hilo si siri, linasemwa na wanaolitunza jengo lenyewe.

Sasa chukua upenu wako wa mita moja na nusu. Kwa jua la nyuzi 61, kivuli chake kinashuka mita 2 na sentimita 70 na kidogo ukutani. Kwa hiyo ubavu wa kaskazini umefunikwa mchana mwaka mzima, na wa kusini vilevile, maana Desemba jua la kusini kwenu liko juu zaidi, nyuzi 71. Aliyechora alikokotoa. Lakini magharibi upenu hausaidii. Saa kumi jioni jua limeshuka nyuzi thelathini na kitu na linatazama ukuta usoni. Kwa hiyo akaweka mgongo. Waambie kikao kwamba huo ukuta usio na tundu ni kazi ya usanifu iliyofanywa kwa hesabu, na kwamba wenye picha ya Dessau na mwenye mgongo wa Tanga walikuwa wanajibu swali moja wakiwa sehemu mbili za dunia.

Jambo jingine la kuwaambia. Kioo wanachokiona kwenye picha za leo si kile cha 1926. Jengo lilizinduliwa tarehe 4 Desemba 1926, baraza la mji lililotawaliwa na Wanazi likaifunga shule mwaka 1932, na Machi 1945 mabomu yakauondoa ukuta ule wa kioo. Kwa miaka mingi pale palikuwa na ukuta wa tofali wenye madirisha. Kioo kilirudishwa 1976, safari hii kwa frem za aluminiamu badala ya chuma. Jengo liliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 1996, na ukarabati mkubwa ukaendelea miaka kumi baada ya hapo. Jengo lile linalindwa leo kwa sababu ya historia yake, na wanaolitunza wanagharamia joto na baridi yake wakijua. Chuo chenu hakina sababu ya kununua gharama hiyo.

Ila kwa heshima, Mwalimu, nikupinge mahali pamoja. Usiende kikaoni na hoja kwamba kioo ni kibaya na tofali ni nzuri. Ule upande wa chuo cha ufundi uliokuvutia ni wa jengo hilohilo, mchoraji yuleyule, mwaka uleule. Zege la nondo lilelile, paa bapa lilelile. Gropius alitumia ukuta wa aina mbili kwa sababu vyumba vilikuwa na kazi mbili. Ukiliweka hivyo, mwasilishaji hatajiona ameshindwa. Mwambie: tumeikubali Dessau yako, tunaomba utupe na ule upande mwingine.

Kuhusu giza la ncha ya magharibi, usiguse mgongo. Panda juu. Paa lenu ni la bati juu ya kenchi, sivyo? Inua kipande cha paa pale mwisho, urefu wa kenchi mbili au tatu, ukitengeneze kama kofia inayotazama kusini, na mbele yake uweke madirisha ya kufunguka. Juu yake acha upenu wa sentimita 80 au mita. Mwanga utaingia kutoka angani bila jua kupenya, na hewa ya moto, ambayo inapanda yenyewe, itapata pa kutokea. Viwanda vya nguo vya zamani vimejengwa hivyo. Kwa nini kusini? Kwa sababu kwa miezi ya katikati ya mwaka jua liko kaskazini, na Desemba likiwa kusini liko juu mno kuweza kuingia chini ya upenu.

Na kama wanataka mfano wa usasa wa kwetu, wapelekeni Kariakoo. Soko lile lilichorwa na msanifu Beda Amuli, miaka ya sabini. Miamvuli mikubwa ya zege inakinga maji ya mvua na kuyashusha, na pembeni hewa inapita. Au Moshi, jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, alilolichora Ernst May. Huyo alikuwa Mjerumani wa kizazi hichohicho cha Gropius, aliyejenga mitaa mizima Frankfurt kabla hajahamia Afrika Mashariki mwaka 1934 na kukaa huku karibu miaka ishirini.

---

Fundi_Chumbageni

Dada, mimi nafunga aluminiamu na vioo hapahapa Tanga, na kazi kama hiyo ni ugali wangu, kwa hiyo naongea kinyume cha mfuko wangu.

Kioo na karakana ya kuchomelea haviendi pamoja kwa karibu. Cheche za grinda zikigonga kioo haziangukii tu chini, zinaganda. Ni chembe za chuma cha moto, zinajichimbia kwenye uso wa kioo. Baada ya wiki chache ukipitisha kidole unahisi msasa, halafu zile chembe zinashika kutu na kioo kinakuwa na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa wembe. Nilishabadilisha vioo vya ofisi moja iliyokuwa mita nne tu kutoka kwa wachomeleaji. Miezi kumi na moja, vioo vyote viliharibika. Kama mnaweka kioo, kiwe mbali na meza za grinda au pawe na pazia la kukinga cheche, na hapo huo mwonekano waliokusudia umeshafichwa nyuma ya pazia.

Halafu chumvi. Tuko baharini. Aluminiamu ya bei ya zabuni ikipigwa na upepo wa bahari inaota unga mweupe kwenye viungo, na skrubu za chuma cha kawaida ndani yake zinaoza kwanza. Waulize kwenye kikao skrubu ni za aina gani. Wakikosa jibu, umeshajua ubora wa kazi yote.

Ila ule mfumo wa gurudumu na mnyororo umenikosesha usingizi. Una ule mchoro wa daftari? Upige picha uutume.

---

Mpwani_Berlin

Mwalimu, salamu kutoka Berlin. Mimi ni wa Kilifi, huku nasomea ufundi wa mitambo ya kupasha joto na maji, mwaka wa tatu. Nimesoma uzi wako mara mbili kwenye treni.

Ukirudi tena huku usiishie Dessau. Panda uende Bernau, kaskazini mashariki mwa Berlin, msituni. Kuna shule iliyojengwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ujerumani kati ya 1928 na 1930. Walioichora ni Hannes Meyer, aliyempokea Gropius ukurugenzi wa Bauhaus, na mwenzake Hans Wittwer, na wanafunzi wa Bauhaus wenyewe walishiriki kazi. Wanazi waliipora 1933. Mwaka 2017 nayo ikaongezwa kwenye urithi uleule wa UNESCO. Leo chemba ya mafundi ya Berlin inaitumia kwa mafunzo, na ndivyo nilivyofika: nilipelekwa kozi.

Ni tofali za manjano, zimeachwa bila plasta. Ilijengwa kwa wanafunzi 120, wakagawanywa vikundi vya watu kumi kumi, na mabweni yamepangwa hivyohivyo, yakishuka na mteremko wa ardhi ngazi kwa ngazi. Kinachounganisha mabweni na madarasa ni ushoroba mrefu wa kioo unaoshuka mteremkoni. Kioo kipo, tena kingi, lakini kimewekwa mahali pa kupita watu. Hakuna anayekaa pale masaa manane na tochi mkononi. Unatoka chumbani, unatembea huku unaona misonobari, unaona mwenzako anakuja kutoka chini, mnasalimiana kabla ya somo. Mahali pa kula dari lina tofali za kioo, mwanga unashuka juu ya sahani. Nilipoambiwa shule hii ilikuwa ya wafanyakazi wa kawaida waliokuja kwa wiki chache tu kusoma, nilifikiria mabweni niliyolala mimi nikiwa chuo nyumbani. Mtu aliketi akafikiria mfanyakazi atatembeaje kutoka kitandani hadi darasani, na njia hiyo akaifanya iwe nzuri.

Kwa hiyo kama uongozi wenu unataka kioo kwa nguvu, labda wapeni sehemu ya kupita. Kutoka getini hadi ofisini, kwa mfano.

---

Mhitimu_2019

Nisamehe mwalimu, mimi nitasema tofauti, na nadhani utanijua kwa maneno yangu.

Nilisoma hapo miaka miwili. Banda lile lina hewa, kweli. Lakini mtu akipita barabarani anaona ukuta mtupu na moshi unatoka kwenye matundu. Baba yangu siku alipoleta ada aliniuliza kama ni ghala. Mdogo wangu amefaulu vizuri hesabu, nilimwambia aje ufundi, akajibu hataki kusoma gereji. Wenzetu wa vyuo vingine wana majengo yanayong'aa, na sisi tunajificha nyuma ya mgongo. Watu wangeona ndani, wangeona msichana ameshika tochi anaunganisha geti la futi kumi, wangetuheshimu. Mimi sikuwahi kuonwa na mtu nikifanya kazi yangu bora mpaka nilipotoka hapo.

Hoja za jua nimezielewa. Ila mkikataa kioo, mtawapa nini wanafunzi wa kujivunia?

---

MwalimuTochi (Tanga)

Nimekujua, mwanangu. Geti la futi kumi lilikuwa la kwako, lenye majani ya mkungu juu, na nililipitisha bila kulikosoa hata mahali pamoja. Umeniuma na una haki.

Nimekaa na maneno yako siku mbili. Leo baada ya vipindi nilitoka nje ya geti nikasimama barabarani pale unaposema, upande wa kaskazini. Ni kweli. Kutoka barabarani unaona upenu, kivuli, na matundu. Watu wanapita na mihogo na baiskeli, hakuna anayegeuza shingo. Miaka kumi na minne nimekuwa nikiliona banda lile kutoka ndani tu.

Halafu nikaona kitu. Mbele ya ubavu wa kaskazini, kati ya nguzo ya tatu na ya tano, kuna dirisha pana ambalo ndani yake tumerundika mabaki ya bamba. Upenu unalifunika, jua haliligusi mchana, kama Ramani_Upanga alivyokokotoa. Liko mbali na meza za grinda, mita tisa, nimepima. Likisafishwa, likashushwa mpaka usawa wa kiuno na kuwekwa kioo cha kufunguka, mtu wa barabarani atatazama moja kwa moja kwenye meza ya kuunganishia, pale ambapo kazi zinakamilishwa. Macho ya wapita njia tutayakinga kwa pazia la plastiki nyekundu nyakati za kuchomelea, na kazi ikiisha pazia linavutwa.

Kwa hiyo Alhamisi naenda na karatasi tatu. Ya kwanza ni ramani ya Dessau ikionyesha upande wa kaskazini, nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu CHUO CHA UFUNDI KILIKUWA HAPA. Ya pili ni kofia ya paa kwa ajili ya ncha ya magharibi, na mgongo unabaki. Ya tatu ni dirisha la kaskazini. Joto nalo nimelipima, ili nisibishane kwa hisia: jana saa tisa na nusu alasiri, ndani karibu na mgongo nyuzi 33, na nje, kwenye kibanda cha mlinzi chenye dirisha la kioo linalotazama magharibi, nyuzi 39. Mlinzi mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mwarobaini.

Mpwani_Berlin, asante kwa Bernau. Suala la njia ya kutoka bwenini hadi darasani nitalibeba kwa siku nyingine, kwa sababu wasichana wangu wanavuka uwanja wa matope kila masika.

Fundi_Chumbageni, mchoro wa daftari nimeupiga picha, huu hapa chini. Gurudumu, gia ndogo mbili, mnyororo, fimbo, na mkono mfupi kwa kila dirisha. Kwetu dirisha la kaskazini litakuwa na vipande sita, na kofia ya paa vipande vinane, ambavyo viko juu mno kufikiwa kwa mkono. Nataka wanafunzi wa mwaka wa pili waunde mfumo huu wenyewe kwa nondo za milimita 16, mnyororo wa baiskeli na gia za baiskeli zilizochakaa. Shida yangu ni bawaba za juu: zikikaza kwa chumvi, mnyororo utavuta fimbo na kuikunja.

---

Fundi_Chumbageni

Mchoro nimeuona, dada. Bawaba usiweke za chuma. Weka pini ya chuma kisichoshika kutu ndani ya kipande cha bomba la shaba, uache nafasi ya nusu milimita. Ninavyo vipande vya shaba vilivyobaki kwenye kazi ya boti, vinatosha dirisha moja la majaribio. Fimbo ikizidi mita tatu iwekee kishikio katikati, la sivyo itapinda hata bila chumvi.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa getini na mashine ya kutobolea. Waambie vijana waje na gia mbili za nyuma za baiskeli, zenye meno yanayolingana.